Ndoo ya mboji ya 85,000: nimeitumia miezi mitatu

Haya jamani, karibuni tena uani kwangu, Tabata. Leo ninayo ile ndoo mliyoniulizia, nyeusi yenye koki chini, ambayo muuzaji anakwambia uchafu wa jikoni unageuka mboji ndani ya wiki mbili. Nimeinunua kwa hela yangu, 85,000 pamoja na mfuko wa pumba. Hakuna aliyenilipa.

Pembeni naweka mpinzani wake: ndoo ya rangi ya lita 20. Nimeipata kwa fundi rangi kwa 4,000, nikaitoboa matundu kwa msumari wa moto.

Tuanze na ya koki. Ndani ina chujio, juu mfuniko unaobana kwelikweli. Unatupia maganda, unanyunyiza pumba kiganja kimoja, unakandamiza, unafunika. Pumba zenyewe zimechachushwa kwa molasi na vijidudu. Njia hii inaitwa bokashi, imetoka Japani, na inafanya kazi bila hewa.

Sogeza simu mwanangu, waone. Mnaona huu ukungu mweupe? Ndio tunaoutaka. Ukiona mweusi, na harufu ya yai viza, ujue hewa imeingia au pumba ulizibania. Hii yangu inanukia togwa iliyopitiliza. Nzi hata mmoja hakuna, na humu kuna vichwa vya dagaa, wali uliolala, miba ya samaki! Hapo nimeikubali.

Sasa muuzaji ametia chumvi wapi? Baada ya wiki mbili hutoi mboji, unatoa achari. Angalieni, ganda la ndizi bado ni ganda la ndizi, limelainika tu. Lazima ulifukie, shimo la sentimita 20 hadi 30, usubiri wiki mbili nyingine ndipo upande, maana lina ukali wa siki. Aliye ghorofani asiye hata na kiroba cha udongo atalifukia wapi? Hilo muuzaji hakuniambia.

Halafu koki, ile ya kutolea maji yanayochuruzika kutoka kwenye uchafu. Machicha ya nazi yalipenya kwenye chujio yakaiziba. Nikachokonoa kwa chelewa, maji yakanirukia kangani, kanga nimeifua mara tatu na harufu bado ipo. Na maji hayo msiyamwage mabichi! Mimi nilimwagia tuta la mchicha, keshokutwa yake majani yameungua kingo. Kijiko kimoja cha chakula kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, basi.

Njoo huku kwa ndoo ya rangi. Hii haitaki pumba za kununua. Konzi moja ya maganda, konzi mbili za majani makavu ya mwembe, kila siku hivyo hivyo, na wikendi naipindua kwa kijiti. Unyevu uwe kama tambara la deki ulilolikamua. Mwezi wa kwanza nilijaza maganda matupu bila majani, ikatoa uvundo mpaka jirani akagonga geti. Nikamwagia maranda kutoka kwa seremala, siku tatu ikatulia. Samaki na wali humu siweki, panya wa Tabata nawajua.

Wakatokea na funza wakubwa wa kijivu. Nilitaka kuwamwagia maji ya moto, kumbe wanatafuna taka haraka kuliko kitu chochote. Waliozidi nikawapa kuku.

Haya, mkono wangu huu: mboji ya miezi mitatu, nyeusi, inamomonyoka, inanukia udongo wa masika. Ganda la ndizi hulioni. Maganda ya mayai tu ndiyo bado yamo.

Kwa hiyo mimi ningekuwa nanunua leo, ningechukua ndoo ya rangi. Ile ya 85,000 ninabaki nayo kwa ajili ya makombo ya samaki tu, na koki nimeshaitoa, naweka ya dumu la maji. Nipisheni sasa niifukie mboji hii kwenye tuta la matembele kabla jua halijawa kali.