Geisha au Blue Mountain?

Kwenye kahawa hizi mbili, kwangu mie Geisha ndo inaongoza, na sio kwa sababu ya bei. Asili yake ni misitu ya Ethiopia upande wa Gesha, mbegu zikachukuliwa miaka ya 1930, zikapita Kenya, zikafika kituo cha utafiti cha Lyamungu kule Kilimanjaro, afu 1953 zikaenda Costa Rica na baadae Panama, ambako mwaka 2004 shamba la Hacienda La Esmeralda liliipeleka kwenye mashindano ikashinda na kuvunja rekodi ya bei mnadani. Yaani unakunywa kahawa unasikia asumini, pichi na uchachu flani wa ndimu, hadi unadhani umepewa chai! Ila isikaangwe sana jamani, harufu yote inapotea.

Blue Mountain ya Jamaika nayo tamu, hilo sikatai. Kahawa ilifika kisiwani 1728, hii inalimwa kwenye ile milima ya ukungu tu, inasafirishwa kwenye mapipa ya mbao na Wajapani ndo wateja wake wakubwa. Imetulia, uchungu hakuna, inateleza tu. Asiyependa uchachu mpe hii, na kama lazima aweke maziwa basi aweke hapa, kwenye Geisha anaua ladha kabisa.