Toyota Altezza RS200 kwenye foleni za Dar: uzoefu wangu

Altezza yangu ni RS200 ya mwaka 1999, gia sita za mkono, rangi ya fedha, namba za usajili za herufi C. Ndilo gari langu la kila siku: Tegeta hadi mjini asubuhi, mjini hadi Tegeta jioni, na sokoni Jumamosi. Kila anayeniuliza habari zake huanza na swali lilelile: "Inapiga ngapi?" Jibu langu huwa linawavunja watu moyo. Saa moja asubuhi kwenye barabara ya Bagamoyo, Altezza inapiga sawasawa na bajaji iliyo mbele yake. Ndiyo maana karibu kila kitu nilichobadilisha kwenye gari hili nimekibadilisha kwa ajili ya foleni, joto na matuta. Nguvu za farasi lilizokuja nazo zinatosha na kubaki.

Kwa wasiolifahamu vizuri: Toyota walianza kuliuza mwaka 1998, mhandisi mkuu akiwa Nobuaki Katayama, na likachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani msimu wa 1998–1999. Ulaya waliliita Lexus IS200. Zinazoonekana sana mtaani ni za aina mbili. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita, farasi 160. RS200 ina 3S-GE ya silinda nne, VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka na kufunga) kwenye camshafti zote mbili, na ile ya gia za mkono inatoa farasi 210. Lakini farasi hao wote unawapata injini ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. Kati ya Mwenge na Morocco, hapahapa Dar, utaigusa lini hiyo 7,600? Huko chini injini ni ya kawaida tu, haina papara, na ukiiachia klachi kivivu inazima.

Tofauti ya injini hizi mbili ndiyo jambo la kwanza la kufikiria kabla hujatoa hela. 1G-FE ndiyo hiyohiyo ya Mark II GX 110, na GX 110 zimejaa mjini, kwa hiyo spea zake unazipata Kariakoo ukiwa umevaa kandambili. 3S-GE ya Altezza ni habari nyingine. Utakutana na muuza spea atakayekuambia "3S ni 3S" na kukutolea kifaa cha 3S-FE ya Noah au Caldina ya zamani. Usikubali. Hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) ni tofauti, na vitu vingi vya mbele ya injini ni tofauti. Nenda na namba ya kifaa, au nenda na kile kibovu mkononi, na kwa baadhi ya vitu jiandae kusubiri mzigo wa used kutoka Japani.

Lilipofika kwangu, gari lilikuwa limeshapita mikono kadhaa hapahapa Dar. Springi zilikuwa zimekatwa ili likae chini, egzosi ilikuwa imetobolewa ili lipige kelele, na themostati haikuwepo.

Hiyo ya themostati nitaieleza kwa kirefu, maana nimeikuta kwenye magari mengi. Gari likichemsha mara moja tu, fundi anaing'oa themostati na kuitupa, anajaza maji ya bomba, na tatizo linahesabiwa limekwisha. Fundi niliyempelekea mwanzo nilipomwambia airudishe alinishangaa: "Kaka, nchi yenyewe joto hivi, themostati ya nini?" Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi, kisha kulishikilia hapo. Ikiondolewa, maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa kupata moto, na kompyuta ikiona bado ni baridi inaendelea kuongeza petroli. Gharama unailipa sheli kila wiki bila kujua kwa nini. Na siku ya foleni, rejeta iliyoziba itachemsha tu, themostati iwepo isiwepo. Maji ya bomba nayo yanaacha chokaa kwenye matundu ya rejeta na yanakula aluminiamu ya hedi polepole.

Mfumo wote wa kupoza nikaufanya kwa mkupuo mmoja: rejeta mpya (ya zamani tangi lake la plastiki lilikuwa limegeuka rangi ya chai na lina ufa mdogo juu), mipira yote, kifuniko, themostati, na kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na madini. Taimingi belti na pampu ya maji nikavibadilisha wakati huohuo, kwa sababu kuvifikia ni kufungua vitu vilevile, na fundi halipwi mara mbili. Belti ya injini hii usiifanyie mchezo. Toyota walipanga ibadilishwe kila kilomita 100,000, na gari la miaka hii hakuna anayejua kilomita zake za kweli. Ikikatika, valvu na pistoni vitakutana, na utakuwa unatafuta injini nyingine badala ya belti.

Kisha nikaongeza kageji kadogo ka dijitali ka joto la maji. Mshale wa kiwandani umepangwa utulie katikati hata joto likipanda nyuzi kadhaa, na unapoanza kusogea muda wako wa kufanya jambo umebaki mchache. Ukiniuliza maboresho yangu yote lipi limenipa thamani zaidi ya bei yake, ni hako. Sasa nikikaa Morocco dakika ishirini na AC ikiwa imewashwa, naziona namba zikipanda, feni inaingia, zinashuka, nami naendelea na redio yangu.

Oili. Kuna imani kwamba joto la Dar linahitaji oili nzito, kwa hiyo magari yenye VVT-i yanajazwa 20W-50 bila mtu kuuliza. VVT-i inafanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye njia nyembamba na vichujio vidogo. Oili nzito ikiwa ya baridi inachelewa kufika huko, na gia za VVT-i za 3S-GE zinajulikana kwa kupiga kelele ya kuparuza sekunde chache za kwanza asubuhi zikianza kuchoka. Mimi natumia 5W-40, namwaga mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa sababu saa za foleni hazionekani kwenye kilomita, na kijiti cha oili nakikagua kila wikendi. Injini hizi zikizeeka hunywa oili kidogo. Kunywa kidogo si ugonjwa, ugonjwa ni kuendesha bila kujua imekunywa kiasi gani.

Chini ya gari ndiko hela zangu nyingi zilikozama. Altezza ina wishboni mbili (mikono ya kushikilia tairi) kila upande mbele, na nyuma vilevile, ndiyo sababu inashika kona vizuri namna ile. Maana yake pia ni bushi na boljointi nyingi kuliko magari mengi ya umri wake. Boljointi za chini za mbele ndizo za kuziogopa: zikilegea sana tairi linaweza kulala huku ukiendesha, na dalili yake ya kwanza ni mlio mdogo tu wa kugonga unaousikia ukipita tuta kwa kukata usukani. Nilinunua za chapa ya 555 kutoka kwa muuzaji aliyekubali kunipa risiti, kwa sababu feki zake zimejaa. Bushi nikaweka za raba, za kiwandani. Watu wa mbio watakushauri za polyurethane, ambayo ni plastiki ngumu. Kwa barabara nzuri wako sahihi, ila kwa matuta ya Salasala gari lote litakuwa linatetema na kulia, na ndani ya mwaka utakuwa umelichukia.

Springi zilizokatwa nikazitupa na kurudisha urefu wa kiwandani pamoja na shokapu mpya. Vijana wa mtaani walisikitika kwelikweli. Lakini gari lililokaa chini linalokwangua kila tuta halina raha yoyote, na springi iliyokatwa huiharibu shokapu kabla ya wakati wake. Kwa watakaotaka kushusha, kuna springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na zina ugumu wake uliopimwa. Grenda si kifaa cha kurekebishia springi.

Matairi nilishuka kutoka 215/45R17 hadi 205/55R16. Ukubwa wa duara unabaki karibu uleule, hivyo spidomita haidanganyi kwa kiasi cha kukusumbua, lakini ukuta wa tairi unatoka kama milimita 97 hadi 113. Hizo milimita chache ndizo zilizookoa rimu zangu kwenye mashimo ya mvua za masika. Usukani umekuwa mzito kidogo kuitika, nakiri, na nikiwa peke yangu barabara ya Msata naikumbuka ile kumi na saba. Usinunue tairi bila kusoma namba nne za mwisho za ule mstari wa DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la mtumba lenye kashata nene (meno ambayo hayajalika) linaweza kuwa na miaka kumi, na raba ya miaka kumi ikinyeshewa inateleza kama sabuni.

Breki ni habari fupi: pedi nzuri, diski zisizo na mistari, na maji ya breki ya DOT 4 yanayobadilishwa kila baada ya miaka miwili, kwa sababu yanavuta unyevu wa hewa na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha.

Giaboksi. Ni ya Aisin, ya jamii moja na zile za Mazda Roadster na Nissan Silvia S15, nyepesi na yenye gia fupifupi. Gia ya pili kwenye gari langu ilikuwa inakwaruza ikiwa ya baridi. Nikamwaga oili iliyokuwemo, nyeusi kama lami, nikaweka 75W-90 nzuri, na mkwaruzo umepungua kwa sehemu kubwa, haujaisha. Naishi nao kwa kutoilazimisha pili kilomita ya kwanza. Klachi nimeweka ya kiwandani. Klachi za mashindano zinashika ghafla, na kwenye foleni ya mita moja-moja mguu wa kushoto utakufa ganzi kabla hujafika Makongo. Kwa sababu hiyohiyo sikuigusa flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi hushika. Flaiwili nyepesi inafanya injini ipande haraka, lakini inazimazima unapoondoka taratibu, nami maisha yangu yote ni kuondoka taratibu.

Ninayoyakataa kila mara ni haya: kuweka injini kubwa za Toyota za 1JZ au 2JZ, kurudisha egzosi ya kelele, na kutoa kichujio cha hewa cha kiwandani ili kuweka kile cha wazi. Hicho cha wazi, kikikaa ndani ya bodi, kwenye foleni kinavuta hewa ya moto ya injini, na hewa ya moto ni nguvu pungufu. Kubadilisha injini ni mradi mzuri kwa mwenye gari la pili la kwenda nalo kazini.

Mafuta. Mgandamizo wa injini hii ni 11.5 kwa 1, na Toyota waliitengeneza kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani zake ni 98 hadi 100. Hapa tunajaza inayopatikana. Kompyuta inasikiliza kugonga kwa injini na kuchelewesha moto wa plagi ili kuilinda, kwa hiyo zile 210 za kwenye karatasi usizidai kwa fundi. Mimi napata kama kilomita 7 kwa lita mjini na 11 na ushee nikienda Morogoro kistaarabu. Kistaarabu ni lazima, maana kuanzia Kibaha vibao vya 50 vinapishana na trafiki wenye tochi za kupimia mwendo, na Altezza yenye gia ya sita inafika 80 hujaanza kufurahia.

Je, ningemshauri mtu alinunue leo? Kuagiza moja kwa moja kutoka Japani kunauma kwa sababu ya kodi ya uchakavu kwa magari yenye umri mkubwa, na hakuna tena Altezza inayoikwepa. Wakenya wao hawawezi kabisa, kwa sheria yao ya miaka 8. Kwa hiyo wengi tutanunua lililopo hapa. Anayetaka Altezza bila maumivu ya kichwa achukue AS200. Anayetaka RS200, achukue ambayo haijaguswa, hata kama rangi imefubaa na taa zimekuwa za njano, aiache yenye rimu za kung'aa na springi zilizokatwa. Rangi inapigwa upya kwa wiki moja. Na aweke pembeni karibu nusu nyingine ya bei ya kununulia, kwa ajili ya mwaka wa kwanza tu.

Siku ya kwenda kuliangalia, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti kabla ya kumsalimia vizuri. Ikiwa ya moto, ameshaipasha ili usisikie VVT-i ikiparuza. Rudi kesho asubuhi, au usirudi. Ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta mwenyewe uangalie kilichomo. Kulanti ya rangi, endeleeni kuzungumza. Maji ya kutu, anza bei upya kutoka chini.