Nimesomea maigizo chuo kikuu, na siku ya mtihani ukumbi ulikuwa na kufuli

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita, mmekuwa mkiniuliza kama digrii ya sanaa za maonyesho inafaa. Jibu langu ni hapana. Tena msiniulize mara ya pili, maana nikipoa naweza kugeuza.

Ada na sifa za kujiunga mtajisomea wenyewe. Mimi nina jambo moja tu, la ufunguo.

Mwaka wa pili, kuelekea mwisho wa muhula, mtihani wetu wa vitendo ulikuwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Wenzangu wakagombania kuigiza, mimi nikachukua mwanga. Watu hudhani taa za jukwaani zipo ili waigizaji waonekane, basi. Kwa asiyeijua, tamthilia ile ni ya Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, na mle Kinjeketile anazama Mto Rufiji halafu anatoka mkavu. Mkavu! Kazi yangu yote ilikuwa hapo: sakafu iwe maji ya bluu yanayotikisika, yeye akichomoza apigwe na mwanga wa manjano peke yake, mtazamaji ashtuke mwenyewe kwamba huyu hajalowa.

Bumu langu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likaishia kwenye taa tatu za halojeni, waya, na karatasi za nailoni za kufungia zawadi ili kuupa mwanga rangi, kwa kuwa zile halisi za jukwaani bei yake haishikiki. Nailoni ya kwanza iliyeyuka, bweni zima likanuka plastiki. Nikajifunza kuiweka mbali na taa kwa fremu niliyokunja kwa hanga za nguo. Wiki tatu hizo.

Siku yenyewe, saa nane mchana, tukakuta kufuli mlangoni. Nikachungulia dirishani: viti vimevalishwa vitambaa vyeupe. Nikakimbilia ofisi ya funguo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Macho kwenye simu.

Nikaeleza kwamba ukumbi tuliuomba tangu muhula unaanza. Akasema kuna semina kesho, wameshapamba. Nikasema mtihani ni leo. Ndipo akaniangalia, akianzia kwenye kandambili kupanda juu polepole. "Mwanangu, nyie si watu wa maigizo? Kaigizeni popote."

Popote! Mwanafunzi wa kemia angemwambia akachanganye dawa zake popote? Neno lile nilitembea nalo kama kijiwe kwenye kiatu, na bado ninalo.

Tukaigizia chini ya mwembe nyuma ya kantini, saa kumi, jua linachoma. Taa zangu zikabaki kwenye boksi na mimi nikalikalia, nimenuna. Rufiji ikawa kanga mbili, wasichana wamezishika pembe wanazipepea chini chini. Wapishi wakatoka na miko yao, bodaboda wakazima pikipiki, muuza karanga akasogea na mjukuu wake. Kinjeketile akachomoza katikati ya kanga, na kabla hajafumbua mdomo yule mtoto akapaza sauti: "Bibi, mbona hajalowa?"

Kimya. Mwigizaji wetu, ambaye mazoezini alikuwa anasahau mistari kila siku, akamtazama mtoto asiseme kitu, akauacha ukimya ukae. Mwili ulinisisimka. Wiki tatu za taa, kitoto kimezimaliza kwa maneno matatu.

Pale nilisamehe wote. Mngeniuliza jioni ile ningewaambia kasomeni, uzeni hata mbuzi mkasome.

Kisha matokeo yakabandikwa. Mwanga: sifuri kati ya ishirini. Maelezo: "Haukuonekana." Nikasapu, yaani nikarudia mtihani. Na walioweka sifuri ile ndio waliotufundisha habari za Malya, kule Mwanza, walikokwenda walimu wa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakatengeneza michezo pamoja na wanakijiji, juu ya mambo kama mimba za wasichana wa shule. Insha ya Malya nilipata A! Fomu ya kusahihishia ndiyo haijawahi kufika Malya.

Nikaenda kulalamika. Mhadhiri akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Jua ulilitumiaje?" Nikatoka nimefura, karibu nilie. Nilikuja kuona picha aliyopiga mwenzangu baadaye sana: jua limepenya kwenye majani ya mwembe, limemwaga madoa ya mwanga juu ya zile kanga, na kitambaa kimekuwa maji hasa. Yote yalikuwa mbele ya macho yangu, na mimi niko juu ya boksi.

Sawa, kozi naipa nyota mbili. Haya, tatu, ya tatu ni ya yule mtoto. Nne siwezi, maana nikifika nne itabidi nikubali kwamba mama wa funguo alisema kweli, na huyo simpi hata nusu.