Seti ya Giemsa kwa Damu ya Kwale na Kanga: Rangi Nzuri, Maelekezo ya Damu Nyingine

Seti hii ina chupa ya rangi ya Giemsa (rangi ya kutilia damu ili vimelea vyake vionekane kwa hadubini), chupa ya methanoli ya kukazia seli kwenye kioo, vidonge vya bafa (vya kudhibiti uchachu wa maji ya rangi) ya pH 7.2, slaidi na kadi yenye picha za vimelea. Nimeitumia msimu mzima kuchunguza damu ya kwale, kanga wa porini na bata maji, na kabla ya kulaumu chochote ni haki niseme kwamba rangi yenyewe haina kasoro. Slaidi iliyokaa saa moja katika mchanganyiko wa asilimia 10 hutoka safi, kiini cha kila seli kikiwa cha zambarau iliyokolea na utegili wake, yaani ute unaokizunguka kiini, ukiwa wa waridi hafifu.

Lawama zangu ni kwa maelekezo, ambayo kwa dhahiri yaliandikwa kwa ajili ya damu ya binadamu. Yanamtaka mtumiaji atengeneze tone nene (tone la damu lisilotandazwa), kwa sababu seli nyekundu za binadamu hazina kiini na hupasuka na kutoweka zikitiwa maji. Seli nyekundu za ndege zina kiini, nacho hubaki hata seli ikipasuka. Nilipotii, nilichokiona chini ya lenzi ya mafuta ya hadubini inayokuza mara 100 kilikuwa uji wa viini vitupu, ambao ndani yake hakuna kimelea kingeweza kutambulika. Kwa ndege, paka utando mwembamba tu, tena mara damu inapotoka, kwani ikicheleweshwa hewani gametositi (hatua ya uzazi ya kimelea) huanza kubadilika umbo.

Kadi nayo inaonyesha Plasmodium, kimelea cha malaria, peke yake, ilhali anayepima ndege wa kuwindwa hukutana pia na vimelea vingine vya damu, Haemoproteus na Leucocytozoon. Katika damu ya kwale mmoja niliona gametositi iliyojikunja kandokando ya kiini kama mkono uliokumbatia mtungi, yenye punje za kahawia zing'aazo; nilitafuta hatua za kugawanyika nisizione, na hiyo ndiyo alama ya Haemoproteus, kwa kuwa Plasmodium hugawanyika ndani ya damu inayozunguka. Leucocytozoon haina punje hizo, na huivimbisha seli iliyoiingia hadi isitambulike. Anayeitegemea kadi hii ataviita vyote malaria na kumsingizia mbu, ingawa Leucocytozoon huenezwa na inzi weusi.

Chupa yangu ya methanoli ilifika na kifuniko kilicholegea. Methanoli hunyonya unyevu wa hewa, na slaidi nilizozikaza kwayo zilijaa vitundu ving'aavyo ambavyo mgeni wa kazi hii angeweza kuvihesabu kuwa vimelea. Muuzaji hakujibu malalamiko yangu. Vidonge vya bafa, kwa upande wake, viliyeyuka bila tatizo.

Ningeinunua tena chupa ya rangi, kama ingeuzwa peke yake.