Obsidian: Notsi zako zikae kwako

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo nachambua Obsidian, programu ya kuandika na kutunza notsi, na najua kuna mtu hapo keshasema "aah si ile ya wale jamaa wa grafu za nyotanyota", ndiyo hiyohiyo, hiyo grafu ngoja nitaifikia.

Kwanza kwa nini leo. Mnaikumbuka Pocket, ile ya kusevu makala usome baadaye? Mozilla waliifunga tarehe 8 Julai 2025, watu wakapewa muda wa kutoa vitu vyao, basi. Evernote nao, programu nyingine ya notsi, tangu mwishoni mwa 2023 mtumiaji wa bure mwisho wake notsi 50 na daftari moja. Notsi 50 jamani! Mwanachuo anazimaliza kabla ya testi ya kwanza. Ndo maana mimi programu za namna hii siku hizi siulizi inapendeza kiasi gani, nauliza wenyewe wakifunga virago mimi nabaki na nini mkononi.

Hapo Obsidian wamenikuna. Kila notsi ni faili la maandishi ya kawaida, liko kwenye folda humohumo kwenye simu au laptop yako, hata programu isipokuwepo unalifungua na kitu chochote kinachosoma maandishi. Akaunti hufungui, hela hutoi, na tangu Februari 2025 hata ukiitumia ofisini ni bure, na bando likikata wewe unaendelea kuandika tu. Ila wa Android nisikilizeni, mwanzoni ikikuuliza notsi zikae wapi chagua hifadhi ya simu, maana ukichagua ile ya ndani ya programu, siku ukiifuta na notsi zinakwenda nayo.

Sasa utamu wenyewe ni kuunganisha. Tuseme unalima nyanya. Unaandika notsi ya shamba, ukifika kwenye yule mdudu unaweka mabano mawili ya mraba, [[Kantangaze]], tayari ni linki. Kesho umesevu makala ya dawa, keshokutwa umeandika alichosema bwana shamba, kote humo umemlinki Kantangaze, halafu msimu ujao unafungua notsi yake moja tu unakuta zote zilizomtaja zimejipanga, hukumbuki uliandika lini wala folda gani na hauhitaji kukumbuka. Yule msomi wa Ujerumani, Niklas Luhmann, alifanya hivi kwa kadi za karatasi kama 90,000, kwa mkono!

Kuna kitu wachambuzi wa nje hawatawaambia. Inaweza kukuonyesha sehemu ulizotaja jina la notsi bila kulinki, ila inatafuta jina lilivyo, kwa hiyo notsi ikiitwa "Mche" haitaiona "miche". Dawa yake nenda kwenye sifa za notsi, pale kwenye aliases, yaani majina mengine ya notsi hiyohiyo, ongeza "miche", imeisha hiyo.

Ya mtandaoni unayadaka na Web Clipper, kiongezo chao cha kivinjari cha kusevu kurasa, kwenye Android tumia Firefox sababu Chrome ya simu haipokei viongezo. Na kuna kitufe cha kukuletea notsi yoyote ya zamani kwa bahati nasibu, kidogo tu lakini nakipenda kuliko ile grafu, yaani ile picha ya notsi zako kama nyota zilizounganishwa kwa mistari, grafu ni ya kupiga skrinishoti bwana, sijawahi kupata jibu la swali lolote mule.

Inaponikera ni kuhamisha notsi kati ya simu na laptop. Wa iPhone na Mac wana iCloud, sisi wa Android Google Drive haikubali moja kwa moja, lazima upitie programu nyingine katikati, au ulipie huduma yao dola 4 kwa mwezi ukilipa ya mwaka mzima, dola 5 ukilipa kila mwezi, na ni GB 1 tu. Kwangu ni ghali. Halafu zile voisi noti za WhatsApp ambazo ndo nusu ya elimu yetu, unaweza kuziweka humo sawa, lakini kilichosemwa ndani haikitafuti, uandike mwenyewe.

Kama wewe ni wa kuandika tokeni za LUKU na vitu vya sokoni, usijitese, baki na Google Keep, ile hadi maandishi yaliyo kwenye picha inayatafuta. Na nyie wa Logseq, ile programu nyingine ya notsi, komenti zenu nimeziona, hiyo nitaiwekea video yake, tulieni.