Tina Turner jukwaani akiwa na umri wa miaka 69: tathmini ya DVD ya Tina Live

Hapa Kigoma tumezoea kumwona msanii akipanda jukwaani na kipaza sauti huku wimbo mzima, pamoja na sauti yake mwenyewe, ukitoka kwenye kompyuta. Kwa mpenzi wa muziki aliyechoshwa na hali hiyo, DVD ya Tina Live inafaa kutazamwa kwa makini tangu mwanzo hadi mwisho. Ni onyesho la mwimbaji Tina Turner na bendi yake, lililorekodiwa Machi 2009 katika uwanja wa GelreDome mjini Arnhem, Uholanzi, wakati wa ziara ya kuadhimisha miaka 50 ya kazi yake. Kwa kuwa alizaliwa Novemba 1939 huko Tennessee, Marekani, mama huyu anayecheza kwa viatu vya visigino virefu mbele ya umati wa uwanja mzima alikuwa ametimiza miaka 69.

Niliitazama katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Mwanga, hapa mjini, ambao siku nyingi huonyesha mpira. Picha ilikuwa safi, lakini spika zilipasua sauti za juu na kulimeza gitaa la besi, kwa hiyo anayetaka kuisikia bendi sawasawa atafanya vyema kuitazama nyumbani kwa hedifoni nzuri.

Kilichonivutia kuliko yote ni namna anavyozitumia nguvu zake kwa mpango. Sauti yake ya mikwaruzo haina tena pumzi ndefu ya miaka ya 1980, na yeye hajaribu kulificha jambo hilo nyuma ya waitikiaji. Hukatisha mstari mapema, huliachia gitaa nafasi ya kujibu, kisha hurejea na neno moja alilolitilia mkazo, nalo hutosha kabisa. Baada ya mapumziko anarudi na kuketi, vyombo vinapunguzwa, na hapo ndipo usoul wake, yaani ule uimbaji wa hisia nzito wa Wamarekani weusi, unaposikika waziwazi. Help!, wimbo ambao Beatles waliuimba kwa mwendo wa haraka mwaka 1965, hapa unakwenda taratibu mno, na kila neno linatoka kama la mtu anayeomba msaada kwa dhati. Nilirudia sehemu hiyo kabla ya kuendelea, na ningeirudia tena.

Kisha inakuja Proud Mary, ambao amekuwa akiuimba tangu enzi za Ike Turner, mumewe wa zamani aliyekuwa akipiga naye muziki. Wazee wetu waliocheza muziki wa bendi ya zamani ya Tabora Jazz watautambua mpangilio huu mara moja: kwanza mashairi kwa utulivu, halafu chemko, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea. Tofauti ni kwamba Tina huirefusha sehemu ya utulivu kwa makusudi, akizungumza na watazamaji na kuwaahidi kinachokuja, huku mpiga dramu Jack Bruno, aliyefanya naye kazi tangu miaka ya 1980, akizuia mwendo bila kuonyesha haraka yoyote. Chemko linapofunguka, bendi nzima inaondoka kwa pamoja, na hakuna anayechelewa wala kutangulia. Uelewano wa namna hiyo hutokana na miaka mingi ya kupiga pamoja, na vijana wetu wenye vipaji, ambao mkoa huu umejaliwa kuwa nao kwa wingi, wanastahili kupewa bendi za kukua nazo.

Sikupendezwa na wingi wa maigizo. Vazi la filamu ya Mad Max ya mwaka 1985 linaeleweka kwa sababu aliigiza humo, lakini moto na wacheza sarakasi vinachukua muda ambao ningependa wapewe wapigaji, hasa John Miles, ambaye mikono yake kwenye gitaa haionyeshwi vya kutosha. Kamera nazo hubadilishwa upesi mno. Hata hivyo, katika Nutbush City Limits, wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu kijiji alichokulia, anatembea juu ya mkono mrefu wa mtambo unaonyooka juu ya vichwa vya watazamaji, akiimba na kuwaongoza kuitikia, na sauti yake haiyumbi.

Tina alifariki Mei 2023 nchini Uswisi. Anayenunua kazi hii ahakikishe anapata DVD, kwa kuwa CD inayoambatana nayo ina nyimbo chache zaidi.