Ghorofa ya pili, chumba cha mwisho: huduma niliyopata kwa wasaidizi wa kisheria

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Majengo hapa Dodoma. Nashona sare za shule na magauni ya vitenge, na Bunge la bajeti likianza Aprili napata pia suruali za madereva wanaokaa mjini mpaka mwisho wa Juni. Nina binti wa miaka tisa. Baba yake yuko Uingereza, mwaka wa nne sasa, ana kazi, na miaka miwili imepita hajatuma hata hela ya daftari. Naandika kuhusu ofisi ya msaada wa kisheria iliyonipokea. Jina lake silitaji kwa sababu nina lawama pia, lakini mama anayehitaji kuelekezwa aje kibandani nitampeleka mwenyewe.

Huduma ni bure. Nilichotumia ni nauli ya bajaji na hela ya kutoa kopi.

Siku ya kwanza nilirudishwa. Kijana wa mapokezi aliposikia mzazi mwenzangu yuko nje alisema hapo hakuna kesi, nisubiri arudi. Nilishuka ngazi nikilia, na sioni aibu kulisema hilo. Kilichonirudisha ni jirani yangu, aliyeniambia kuna mzee pale ndani anayejua mambo hayo, niulize yeye tu.

Nilimkuta. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, kaa." Sikuwa nimefika hata nusu ya maelezo akaniuliza, "Yuko nchi gani?" Hakuniuliza kama tulifunga ndoa, wala kwa nini tuliachana. Aliuliza nchi, na baadaye nikaelewa kwamba kila kitu kinategemea hapo. Amri ya matunzo ikitolewa na mahakama ya Dodoma haina nguvu yenyewe mbele ya hakimu wa ng'ambo. Lazima nchi mbili ziwe zimekubaliana kukaziana amri, yaani kila moja itekeleze amri za mahakama za mwenzake, na makubaliano hayo yawe yameingia kwenye sheria.

Kwa Uingereza njia ipo. Walitunga sheria ya kwanza ya namna hii mwaka 1920 kwa ajili ya nchi walizozitawala, kisha nyingine mwaka 1972, na Tanzania imo kwenye orodha yake, isipokuwa Zanzibar. Alinichorea kwenye karatasi: mahakama ya hapa inaweza kutoa amri ya muda, inatumwa pamoja na ushahidi wangu, mahakama ya kule anakoishi baba inamwita na kumsikiliza, halafu inaithibitisha kama ilivyo, au inaibadilisha, au inaikataa. Ile karatasi ninayo mpaka leo, nimeibana ukutani karibu na mashine.

Halafu tukaisoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu kwa kifungu, naye ananieleza kwa Kiswahili cha kawaida. Mahakama ikipanga kiasi cha matunzo inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Akaniambia nianze kuandika. Nilinunua kaunta buku siku hiyo hiyo: ada ya tuisheni, viatu, dawa, maji, kodi ya chumba, na risiti zote nikazibandika kwa gundi. Miezi mitatu. Sikuwahi kujua mtoto wangu anakula kiasi gani kwa mwezi mpaka nilipoandika.

Mzee alinieleza na jambo jingine ambalo halijanitoka. Kabla ya sheria hiyo ya 2009, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa chini ya sheria nyingine, na kiasi cha juu ambacho baba angeamriwa kulipa kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja! Nilikuwa nimetoka kulipa mia kwa kopi ya ukurasa mmoja wa cheti cha kuzaliwa. Kiasi kile kiliandikwa zamani, hela ikapoteza thamani mwaka hadi mwaka, na sheria ikabaki na mia yake mpaka ilipofutwa. Kuna akina mama waliolea watoto wao wote ikiwa hivyo.

Ndiyo maana nayasifu sana madarasa yao ya Alhamisi jioni kuhusu sheria zinavyotungwa, na kwangu hiyo ndiyo huduma yao bora kuliko zote. Tunakaa kwenye mabenchi, watu kumi na tano au ishirini, tunafundishwa muswada unavyopita: unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kwenye kamati, wadau wanaitwa kutoa maoni, unarudi ukumbini, unapita Kamati ya Bunge Zima, unasomwa mara ya tatu, kisha Rais anatia saini. Na mikataba na nchi nyingine, ile ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa, ni Bunge linalojadili na kuiridhia, Katiba ibara ya 63. Nimeishi mji huu maisha yangu yote, naliona jengo la Bunge kila nikienda mjini, na sikujua kwamba mtu kama mimi anaweza kuandika maoni yake yakafika mezani kwa kamati.

Alhamisi moja tulipewa mfano wa Ulaya, wa wakati Uingereza ilipokuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya. Desemba 2005 Tume ya Ulaya, chombo cha umoja huo kinachopendekeza sheria, ilileta pendekezo la sheria moja ya matunzo ya familia kuvuka mipaka. Bunge la Uingereza lilikuwa na utaratibu wake: kamati ilisoma pendekezo kwanza, na waziri hakutakiwa kulikubali kule Brussels, kwenye vikao vya umoja huo, kabla kamati haijamaliza nalo. Uingereza ilisita, kwa sababu pendekezo lingewalazimisha mahakimu wake kutumia sheria za nchi nyingine. Sehemu hiyo ikatolewa na kuwekwa kwenye itifaki ya pembeni, yaani mkataba wa peke yake, na mwaka 2009 Uingereza ikaingia kwenye sheria hiyo. Sheria ilianza kutumika Juni 2011. Mama mmoja akasema mtoto aliyezaliwa pendekezo likitoka alikuwa tayari anajua kusoma. Ni kweli, na inauma. Lakini mimi nguo iliyokatwa bila vipimo nimeiona mara nyingi, haifunguki ikakaa sawa. Kamati ichukue muda wake, ila iwaite wanaolea wawaeleze.

Wanakusaidia pia kuandika maoni yako kwa kamati. Yangu ni ukurasa mmoja: naomba kiasi cha matunzo kisifungwe kwenye sheria kwa tarakimu, na naomba kila mkataba wa namna hii unapoletwa tuelezwe ofisi gani hapa nchini itapokea barua za mama na kuzituma. Karatasi iko tayari, na wao hutuma ujumbe wa simu tangazo la kuita maoni likitoka.

Kasoro. Kompyuta ni moja na printa hakuna, unatumwa nje. Ngazi ni kali, na hakuna njia ya mtu wa kiti cha magurudumu. Mama mwenye mguu mbovu alisikilizwa chini, barabarani, watu wakipita. Na mapokezi wafundishwe. Mtu akirudishwa siku ya kwanza, wengi hawapandi tena.

Maombi yangu yameshafika mahakamani, natajiwa tarehe mwezi ujao. Ukienda, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, anwani ya baba ya kule aliko, na jina la mwajiri wake kama unalijua. Chukua namba kabla ya saa mbili asubuhi. Mzee yupo Jumatatu mpaka Alhamisi.